Bido Zilizorudishwa na Ziwa

"Ziwa haifagiliwake," waliniambia watu wa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa. Nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania, nilikokulia katika kambi ya wakimbizi, nikiwa na diploma ya mazingira niliyoilipia mwenyewe kwa kubeba matofali. Nikatangaza kwamba nitaokota plastiki yote ya ufukweni, niiyeyushe, niichanganye na mchanga, nitoe pave za kutandika njia. Sokoni walicheka mpaka wauza ndagala, dagaa wetu, wakasahau kufukuza nzi.

"Uyu wa ku kambi, na Kiswahili yake ya redio! Diplome ya kuokota takataka?"

"Atachoka mbele ya sikukuu. We angalia."

Sikuchoka. Leo nina kiwanda, na wengi walionicheka wanatembea juu ya kazi yangu kila wanapokwenda kusali.

Nilianza na vitu vya watu. Fundi chuma aliniazima pipa la kuyeyushia. Baba mdogo aliniazima kiwanja nyuma ya nyumba yake. Mtumbwi niliazimwa na mama mmoja wa Kiislamu, na watu walishangaa, kwa sababu ulikuwa mtumbwi wa mwanawe. Kijana huyo alikwenda kuvua ndagala, upepo ukaurudisha mtumbwi mtupu. Mwili haukupatikana, na mama akakataa kuanua matanga. Miaka ilipita, mkeka wa waombolezaji bado umetandikwa uani kwake.

"Nitakulipa nini, mama?" nilimuuliza.

"Okota tu, mutoto yangu. Okota yote."

Nikaokota, kutoka upande wa Nundu mpaka mto Mutambala unapomwaga maji yake ziwani: chupa, mifuko, ndala za mguu mmoja, na madumu ya njano tunayoyaita bido. Mawimbi yalipozigonganisha kwenye matete, ungedhani kuna watu wanaongea chini kwa chini.

Wavuvi wetu huziba bido tupu na kuzifunga juu ya nyavu ili zielee. Kila mmoja ana namna yake ya kufunga kamba kwenye mkono wa bido, na kwa fundo hilo hujulikana wavu ni wa nani. Bido ya mtu aliyepotea ziwani haiguswi. Mimi nilikulia mbali na maji, sikuyajua hayo. Nilikata kamba, nikacharanga bido, nikatupa ndani ya pipa pamoja na mengine.

Adhuhuri moja yule mama akaja kiwandani. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye lundo, akainama, akatoa bido iliyoota mwani, kamba yake ingali imefungwa. Akaligeuza fundo kwa kidole gumba.

"Iko yake," alisema. "Alikuwa anafungaka ku kushoto. Baba yake alikuwa anamugombezaka juu ya hii."

Nilikuwa na panga mkononi. Nikadhani amekuja kuuchukua mtumbwi, na bila mtumbwi kiwanda kingekufa.

"Mama, kuhusu mtumbwi..."

"Endelea nayo. Unawaza nilikupatia juu ya mapave? Bavuvi banaogopa kugusa kitu yake. Nilitaka muntu mwenye kuokota bila kuogopa." Akatazama huku na huku. "Na zingine? Wavu yake ilikuwa na bido mingi."

Nyuma yangu pave zilikuwa zimepangwa juani, zikipoa.

"Nitaangalia, mama," nikasema.

Tangu siku hiyo sikati bido kabla ya kuligeuza fundo lake. Wafanyakazi wananitania. Fundo la kushoto sijaliona tena. Lakini kuna nyakati plastiki ya moto inapotoa pumzi ndani ya pipa, filimbi nyembamba, na mimi, nisiyemwogopa mtu Baraka nzima, narudi nyuma hatua moja.

Kazi ikakua. Shule moja ya Fizi ikaagiza pave za uwanja wake wote, na nikasema sasa kila aliyeniazima atalipwa siku moja, hadharani. Fundi chuma nilimpelekea pipa jipya, zito kuliko lake. Kiwanja cha baba mdogo nilikirudisha kikiwa na ukuta. Mtumbwi niliuziba, nikaupaka rangi, nikaufikisha mlangoni kwa yule mama huku soko zima likitazama. Akakataa malipo. Mimi sikai na deni la mtu, kwa hiyo nikamtandikia uani pave nilizozithamini kuliko zote, za kwanza kabisa, ambazo sikuwahi kukubali kuziuza.

Ili kazi ifanyike, ilibidi mkeka uondolewe. Mama aliukunja kwa mikono yake, akauegemeza ukutani, na pave zilipokwisha kutandikwa akamwita shehe. Dua ikasomwa, matanga yakaanuliwa, ile bido aliyoitoa kwenye lundo langu ikiwa ndani, kando ya kitanda chake.

Watu walipoanza kuusifu ua wake mpya, nilisimama katikati kupokea sifa zangu. Mama akaniuliza polepole:

"Hizi ni za wakati gani?"

"Za mwanzo, mama. Kabla sijaanza kuangalia mafundo."

Akainama, akaipapasa pave moja kwa kidole gumba, kama alivyoligeuza lile fundo. Kisha akavua ndala zake, akaziweka kando ya mlango. Shehe akavua. Wanawake wakavua, wavuvi wakavua, hakuna aliyeambiwa kitu. Mimi nilikuwa wa mwisho, nikihangaika na kamba za viatu vyangu vipya vya ngozi.