Tarbushi Juu ya Mizani

Gatini Rod el-Farag, ndege ya majini haimchukui abiria asiyepimwa uzito, awe pasha au mke wa pasha. Mpima wetu ni mwembamba kama ufito. Mtu akipanda mizani, yeye huvua tarbushi akafunika namba, akachungulia kwa pembeni kama achunguliaye chungu cha jirani, kisha akamnong'oneza karani.

Juzi Sitti Ikbal, aliyekuwa akikimbilia Khartoum kwa bintiye aliyekaribia kujifungua, aligoma. Wifi yake, Sitti Dawlat, alikuja kumsindikiza na alisimama karibu kuliko inavyohitajika kwa kuaga.

"Mimi si gunia la pamba. Mbele ya huyu sipandi."

"Mie nimesema nini, wifi yangu?"

Mashua ya kuwapeleka abiria ndegeni ilikuwa imeshafunguliwa kamba. Mpima akapanda mizani yeye mwenyewe, akatangaza kwa utulivu, "Kilo mia na arobaini."

Wapagazi tukacheka. Sitti Ikbal naye akacheka, na kabla hajamaliza alikuwa juu ya mizani. Tarbushi ikashuka, mnong'ono ukapita.

"Ngapi?" akauliza Sitti Dawlat.

"Khartoum, bibie," akajibu mpima. "Anafika leo jioni."