Kurasa Nilizofungia Karanga

Asubuhi ile tulikuwa tunagombania kamba. Kaka yangu Salumu alisema kamba za magome zinatosha kufungia ufuta, mimi nikasema hazitoshi, na mdogo wetu Hashimu akatuambia tugombane huku tunafunga. Tulikuwa watatu tu. Wazazi walishatangulia, na shamba lilikuwa letu sote, upande wa Mandawa, karibu na bwawa. Ufuta ukishakatwa haulazwi chini. Unafungwa mafungu, mafungu yanasimamishwa yakiegemeana, kisha mnasubiri jua lifanye kazi yake. Vifuko vinakauka na kufunguka vyenyewe kwa juu, punje zinabaki zimekaa humo ndani. Ukiligusa fungu vibaya, msimu wako umemwagika. Ndiyo maana wakati ule hata watoto hawaruhusiwi kukimbia shambani.

Mimi naitwa Somoe. Naomba niseme mapema kwamba mimi si mtu wa upole, ili msomaji asije akanitafutia upole nisio nao.

Wafugaji walikuwa wamefika kwetu miaka michache kabla ya hapo, wakaweka kambi ng'ambo ya bwawa. Mwanzoni tulinunua maziwa yao, na wao wakanunua mahindi yetu. Wake zao walichota maji pamoja na sisi. Kisha ng'ombe wakaingia kwenye mihogo ya mtu, mwenye mihogo akamkata ng'ombe mguu, mwenye ng'ombe akampiga mwenye mihogo. Mikutano ikaitwa. Viongozi wakaja, wakasikiliza, wakaandika, wakaondoka. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu tuliyaona sote, tukaendelea kukata ufuta wetu.

Siku ya nne baada ya kusimamisha mafungu, nilisikia kengele.

Niliinua kichwa. Ng'ombe walikuwa tayari ndani ya ufuta.

Salumu alikimbia mbele na fimbo. Hakuwa na panga. Panga lilikuwa kwangu, nakatia kamba.

Niliwaona vijana wawili. Mmoja alikuwa na mkuki.

Sikumsikia Salumu akipiga kelele. Nilimwona tu amekaa chini kama mtu aliyechoka, mgongo kwenye fungu la ufuta, punje zikimmwagikia mabegani.

Alikufa kabla hatujamfikisha barabarani.

Kwetu msiba hauendi bila watani. Wanakuja na vituko vyao, wanaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, wanaizuia njia ya makaburini mpaka wapewe chochote, na mfiwa anajikuta anacheka na machozi yake usoni. Siku ya Salumu watani walikuja, wakakaa kimya kama watu wengine. Nilipoona hivyo nilijua kwamba huu haukuwa msiba tu, ilikuwa vita. Redioni waliita mgogoro. Sisi mpaka leo tunaita vita.

Kesho yake wanaume waliivamia kambi ya wafugaji, na sisi wanawake tukafuata nyuma. Sitasema nilikwenda kuzuia. Nilikwenda nione panavyoungua. Wenyewe walikuwa wamekimbia muda si mrefu, moto wa jikoni ulikuwa bado unawaka na maji ya ugali yalikuwa yanachemka. Vibanda vyao vya nyasi viliteketea upesi. Kila mwanamke aliondoka na kitu. Mimi niliyamwaga yale maji, nikachukua sufuria, kubwa zuri, mkono wake mmoja umeungwa kwa msumari. Ndani yake nikatupia kitabu nilichokikuta kando ya kitanda, kimeanza kushika moto upande wa nyuma. Sikukitaka kwa kusoma. Mimi ni muuza karanga, na karanga zinataka karatasi.

Basi nikawa nakaanga karanga zangu katika sufuria lao, nazifungia kwa kurasa za kitabu chao, na moyo wangu ulifurahi, nisidanganye. Nilianza kuchana kutoka nyuma, maana kurasa za huko zilikuwa zimeungua kingo na kuachia gundi. Watu walikula karanga, wakatupa mwisho wa hadithi njiani.

Vita ilikaa. Wafugaji walirudi ng'ambo ya bwawa, wakajenga upya. Tulikwenda shamba kwa makundi, mmoja analima, mwenzake anaangalia porini. Wao walijeruhi wetu, wetu wakajeruhi wao. Mwanamke akienda kutafuta kuni peke yake aliitwa kichaa. Magulio yalipooza, maana nani atembee njia yote ile kwenda kununua chumvi na hana hakika ya kurudi.

Mchana mmoja nimekaa gulioni, karanga zinapoa, mnunuzi hakuna, nikakifungua kile kitabu popote, nikasoma. Ilikuwa riwaya ya mambo ya roho, ya watu wa kanisani, na mimi ni Mwislamu. Ndani yake kuna mhunzi ambaye mwanawe ameuawa na watu wa kijiji cha pili. Kila siku anafua mkuki wa kulipiza kisasi, na kila siku anauacha nusu, anakwenda kusali. Nilikasirika. Nikasema huyu aliyeandika hajawahi kuzika mtu. Nikakifungua mwanzo ili nione ujinga ule umeanzia wapi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa mtu aliyejifunza ukubwani: Kabula.

Nilikisoma kwa ugomvi. Mhunzi akilia, namwambia lia. Mhunzi akitukanwa na kunyamaza, nakifunga kwa kishindo na kukisukuma chini ya kigoda. Lakini baada ya muda mkono unakifuata tena. Na kuchana niliacha. Karanga nikawa nazifungia kwa karatasi za madaftari ya shule.

Palipoharibu mambo ni katikati. Mhunzi anamwomba Mungu ampe mkono mwepesi siku ya kisasi. Bibi mmoja kipofu, mfagiaji wa kanisa, anamsikia. Anamwambia, "Mwambie kwanza mkono huo unakwenda kufanya nini. Mtajie, kama unavyomtajia mtoto unapomtuma dukani." Mhunzi anafungua mdomo, na maneno hayatoki.

Nilicheka peke yangu. Mwanaume mzima, anashindwa kusema! Mimi ningesema.

Wiki ileile Hashimu alikuja kwangu. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho, na dawa yetu ya maji, ya shamba lote la watatu, ilikaa chumbani kwangu kwa kuwa mlango wangu ndio uliokuwa na kufuli. Alikaa kizingitini, ndani hakuingia.

"Dada, ile dawa tunaitia bwawani kesho. Maji yenyewe yamebaki kidogo, itakolea. Sisi watu wetu wote wameambiwa wasichote huko."

"Mmekubaliana na nani?"

"Wanaume tumekubaliana. Wewe kazi yako kutoa dawa."

"Njoo asubuhi, utaikuta nje."

Nilisema kweli. Nilikuwa nimekubali, na sikuona uzito wowote. Nalisema hili kwa sababu watu nikiwasimulia wanapenda kudhani nilikuwa mwema tangu mwanzo.

Ilipofika alasiri nilitawadha nikaswali. Nilipomaliza nikainua mikono kumwombea Salumu. Kisha nikasema, ngoja nimwonyeshe yule mhunzi. Kwetu sisi hakuna jambo lisilo na nia. Ukifunga unanuia, ukitoa sadaka unanuia, hata udhu una nia yake. Basi nikanuia. Mola wangu, mimi Somoe, nimenuia kesho kutia sumu kwenye maji ya

Nikakwama hapo.

Nilikuwa namjua anayekunywa maji yale. Wale vijana wa mkuki walishaondoka na ng'ombe wao siku ileile waliyomuua Salumu, hawakuonekana tena. Wanaokunywa ni wanawake niliochota nao, na watoto wao mgongoni, wanaonyweshwa kwa kiganja kabla ndoo haijajaa. Nilikuwa nalijua hilo siku zote. Ila sikuwa nimewahi kulitaja.

Nikajaribu njia nyingine. Nimenuia kuwatia adabu. Nimenuia kumlipia kaka yangu. Kila nilichosema kilikuwa uongo, na kusema uongo juu ya mswala niliogopa kuliko nilivyowaogopa wafugaji.

Nilimlaani aliyeandika kile kitabu. Nikamlaani na huyo Kabula aliyekiacha pale nikione. Kisha nikafungua kufuli, nikabeba chupa zile moja moja na kuzimwaga chooni, hadi macho yakaniwasha kwa ule ukali.

Asubuhi Hashimu alikuta chupa tupu zimepangwa nje.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

"Salumu alikubeba mgongoni wewe," akasema. "Mimi ni mdogo, sikumbuki kubebwa. Wewe unakumbuka."

Nikajaribu kumweleza yale maneno ya bibi kipofu. Niliyasikia yalivyokuwa mepesi mdomoni mwangu, nikayaacha nusu. Alinitazama kama mtu anayetazama nyumba isiyo yake, akaondoka.

Dawa ilikuwa hakuna. Wakaenda wenyewe, kwa mapanga na pinde.

Wafugaji walikuwa wanawasubiri.

Hashimu alirudishwa juu ya baiskeli, watu wawili wamemshikilia. Mshale uliingia chini ya kwapa.

Alifika anapumua. Aliniona.



Tulimzika kando ya Salumu. Mke wake alisimama mbele ya wanawake wote, akaninyooshea kidole. "Umewahurumia watoto wa watu, wifi. Haya, wangu hawa ni yatima." Hakuna aliyemkanya. Mimi mwenyewe nisingependa akanywe, kwa sababu alichosema kilikuwa hivyohivyo.

Sikuweza kukaa pale tena. Ukienda kisimani wanawake wanakupisha, na si kupisha kwa heshima. Nilihamia Nachingwea mjini na sufuria na kitabu, nikaanza upya na karanga. Askari walikuja kule kwetu, watu wakakamatwa upande huu na ule, na wafugaji wakahama, wengine wakasikika wako pande za Kiegei. Vita haikuwa na siku ya kuisha. Watu walichoka tu.

Kuna siku mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliniona nasoma, akaniambia kitabu cha kiroho kinampa mtu amani. Nilimjibu vibaya. Nikamwambia changu kilinipa kaburi la pili. Lakini nilipofika nyumbani nikalifikiria vizuri, kwa sababu mtu hawezi kuishi na jibu la hasira peke yake. Kitabu kile hakikunifanya niwapende wale watu. Siwapendi. Kilinifanya nisiweze tena kutenda jambo bila kulitaja jina lake, na hilo ni tatizo kubwa maishani, usione mchezo. Ningetoa dawa, huenda Hashimu angekuwa hai leo, anawatazama wanawe wanakua. Na mimi ningekuwa na watoto wengine waliokufa, nisiowajua majina, na ningeinua mikono kila alasiri nikiwa sina la kusema. Nimejaribu kupima lipi zito. Sijaweza, na sidhani kama nitaweza.

Mwaka jana, siku ya mnada, nilikuwa nakaanga kama kawaida. Mwanamke wa kifugaji akasimama mbele yangu na mtoto wa kike wa kama miaka minne. Mtoto akachukua karanga kwenye sinia bila kuomba, akaanza kutafuna. Mama yake hakutazama karanga. Alitazama sufuria, akalizunguka hadi upande wa mkono ulioungwa.

"Huo msumari kaugonga mume wangu," akasema.

Nilishindwa kumtazama. Niliingiza mkono chini ya kigoda, nikatoa kitabu, nikafungua ukurasa wa kwanza.

"Kabula ni wewe?"

Alikichukua, akakipekua haraka hadi penye kona iliyokunjwa. Ulikuwa ukurasa wa mwisho uliobaki. Akapapasa mahali zilipokuwa kurasa nyingine.

"Umechana."

"Nilichana kabla sijakisoma. Nilifungia karanga."

Akaguna. Mimi nikaona nikikosa kuuliza siku hiyo, sitauliza tena. Kitabu chetu kinaishia pale mhunzi anapoutoa mkuki motoni, umekamilika, na mlango unagongwa. Miaka mitatu nilikuwa najiuliza aligonga nani, na kama mhunzi alifungua akiwa na mkuki mkononi.

"Dada, mwisho wake ukoje?"

"Siujui," akasema. "Na mimi niliishia hapohapo. Nilikunja ukurasa nisonge ugali kwanza. Mkaja nyie."

Mtoto alichukua karanga nyingine. Nilihesabu umri wake kichwani, nikajua wakati ule alikuwa wa mgongoni, wa kunyweshwa kwa kiganja. Habari za dawa sikumwambia mama yake. Ningemwambia ili anishukuru nini?

"Mama mkwe wangu hakuweza kukimbia," akasema. "Tulimbeba. Alifia porini."

"Mimi ndugu zangu wawili," nikasema.

"Tulisikia."

Hakusema pole, na mimi sikusema. Akakiweka kitabu kwapani. Nilidhani amemaliza, nikashika mwiko niendelee kukaanga, karanga zilikuwa zinaanza kuungua.

"Na sufuria langu?"

Nilivua kanga ya juu, nikaitandaza chini, nikazimwaga karanga zilivyo, mbichi kwa zilizoiva. Nikaligonga sufuria kwa kiganja kutoa chumvi iliyoganda, nikampa. Hakushukuru. Alilipokea kwa ule mkono wenye msumari, akamshika mwanawe, akaondoka nalo likiwa bado moto.