Dakika Mbili za Elbert Suggs

Arzell Magee alipewa dakika mbili za kusema, na siku nne za kujiandaa. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la kupanga huku anakunywa kahawa. Kwa Arzell, ambaye hata siku ya harusi yake alimwachia bibi harusi azungumze, ilikuwa sawa na kuambiwa alibebe kanisa mgongoni pamoja na mabenchi yake.

Jina lake lilikuwa kwenye ratiba ya mazishi, chini ya wimbo wa kwaya: "Maneno ya rafiki: Ndugu Arzell Magee. Dakika mbili, tafadhali." Hiyo "tafadhali" huandikwa katika makanisa yote ya Mississippi, na sijasikia hata siku moja kwamba imemnyamazisha mtu. Lakini pale kanisa la Galilaya Mpya palikuwa na Dada Ruby Spann, mkuu wa wahudumu wa mlangoni, mwenye glovu nyeupe kama maziwa. Dakika ya kwanza ikiisha huinua kidole kimoja. Ya pili ikiisha huinua viwili. Ukijitia hukuona, huja kusimama ubavuni pako, anakutabasamia, mpaka ukae.

Marehemu alikuwa Elbert Suggs, mwenye miaka sitini na minane, mpuliza harmonika, kile kinanda kidogo cha mdomoni kinachoingia mfukoni. Kwa miaka ishirini na sita, kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana, Arzell alikuwa akiimba na kupiga gitaa katika mkahawa wa Mama Essie, na Elbert ameketi kushoto kwake akimjibu. Sasa Elbert alikuwa amelala katika nyumba ya maiti, amevaa suti ya kahawia ambayo hakuipenda, na wasifu wake umeshachapwa, kurasa nne, picha mbele.

Arzell aliusoma wasifu huo akiwa amesimama jikoni kwake. Alizaliwa, akabatizwa mtoni, akaoa, akafiwa na mke, akafanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha mafuta ya mbegu za pamba, hakukosa ada ya chama cha maziko. Mwisho wake: "Alipenda sana kuvua samaki." Basi. Arzell aliugeuza ukurasa, akauangalia nyuma, akaurudia tena. Neno harmonika halikuwamo.

Aliyeandika alikuwa Lavonia, dada yake Elbert, mjane, mama wa kanisa tangu enzi na enzi. Yeye na kaka yake walikaa nyumba moja iliyogawanywa katikati kwa ukuta wa mbao, huku yeye, kule Elbert. Arzell alivaa kofia akaenda kumgongea.

"Dada Lavonia, pole tena na msiba."

"Tumeshapoa, Ndugu Arzell. Ingia, usimwache nzi apite."

"Nimeusoma wasifu."

"Umeuonaje?"

"Mzuri. Ila Elbert samaki hakuwapenda. Mara ya mwisho kwenda mtoni alilala akaibiwa ndoano."

"Mitume walivua samaki," alisema Lavonia.

"Mitume, ndiyo. Lakini ile harmonika yake..."

"Ndugu Arzell." Aliuweka mkono wake juu ya meza kama anayeifunga Biblia. "Ile ni karatasi ya kumsindikizia mtu kwa Bwana wake. Sitamsindikiza na kilabu cha Essie. Wewe umepewa dakika mbili zako. Zitumie."

Arzell alirudi kwake na hasira. Mke wake alikuwa amekufa miaka tisa iliyopita, watoto walihamia Detroit wakawa watu wa kupiga simu Krismasi, na hasira ndani ya nyumba ya mtu mmoja haina pa kwenda. Aliketi, akasimama, akaketi. Alikuwa ameamua jambo: Jumamosi hii, mbele ya watu wote, atasema Elbert alikuwa nani. Asiposema yeye, hakuna mwingine wa kusema, na mtu huyo angezikwa kama mvuvi.

Tatizo ni kwamba sifa ya Elbert ilikuwa ngumu kuisema. Wapuliza harmonika wa pande zile wamejaa tele, na wengi wao ni debe tupu, haliachi kuvuma. Wanapuliza mbele ya mwimbaji, nyuma yake, juu yake, mpaka mwimbaji anatamani kwenda kukaa na wasikilizaji. Elbert alisubiri. Arzell akimaliza mstari, palibaki uwazi, na Elbert aliuacha uwazi ule ukae, ukae, mpaka ukadhani mzee kasinzia. Kisha ndipo zinapokuja sauti mbili, au tatu, zimevutwa kwa pumzi ya ndani, maana bluzi, ule muziki wa huzuni wa Kusini, haipulizwi, huvutwa, na ile ya mwisho aliikunja kwenda chini taratibu kama mtu anayekaa kitini na magoti mabovu. Ilikuwa ni jibu. Arzell akiimba kwamba mwanamke kaondoka, harmonika haikulia naye. Iliuliza kaondoka lini. Na Arzell alijikuta anaimba mstari wa pili tofauti na alivyokusudia, kwa sababu ameulizwa swali.

Hakuna binadamu aliyewahi kumsikiliza Arzell namna ile, na mke wake namhesabu humohumo, Mungu amrehemu.

Halafu vumbi la pamba lilianza kudai haki yake. Miaka thelathini na moja ya kiwanda ilimwingia Elbert kifuani, na pumzi ikawa ya kukopa. Watu pale kwa Essie wakasema, "Elbert kwisha." Arzell peke yake ndiye aliyesikia kwamba Elbert anazidi kuwa mzuri. Kwa kuwa hakuwa na pumzi ya kupoteza, hakuweka sauti isiyo na kazi. Mwaka wa mwisho aliweza moja tu kwa kila ubeti, moja, na ilikuwa mahali pake hasa, kiasi kwamba Arzell alikuwa akifumba macho kuingoja. Kimya kingi kina mshindo, wanasema, na wanayemsema hasa ni mtu kama huyu.

Lakini watu walikumbuka nini? Treni. Kila mpuliza harmonika anajua kuigiza treni, chuku-chuku na honi, ni mchezo wa kuchekesha watu, na Elbert aliufanya akiombwa maana alikuwa mtu wa adabu. Vijana wa chuo kikuu waliwahi kuja na mashine ya kurekodi. Walitaka treni. Wakarekodi treni mara tatu, wakashukuru, wakaondoka, na Elbert akaifuta harmonika kwenye suruali na kusema, "Angalau hawakusahau tiketi."

Ijumaa Arzell alikwenda kunyolewa. Kinyozi Thurmond alimfunga kitambaa shingoni.

"Nasikia kesho unahutubia."

"Dakika mbili."

"Mbili? Wewe ukisema 'habari ya asubuhi' zimeshaisha." Watu wakacheka. "Lakini usiache ile treni yake. Mwanamume yule alikuwa na treni!"

"Alikuwa na zaidi ya treni, Thurmond."

"Hata! Na mbwa je? Ule mchezo wa mbwa wakimfukuza mbweha? Sikiliza, nilikuwa nikiwaambia watu, ukifumba macho unaona moshi."

Arzell aliinua kidevu kuupokea wembe. Nyumbani aliandika kwenye kipande cha karatasi: *Alijua kusubiri. Alinisikiliza. Alipokosa pumzi akawa bora.* Maneno hayo matatu aliyarudia mbele ya kioo mpaka akayaweza. Yalichukua nusu dakika. Alifurahi, kwani angebaki na akiba.

Jumamosi kanisa lilijaa. Kwaya iliimba, Mchungaji Hollins aliomba, kisha ukafika ule wakati ambao wasifu husomwa kimyakimya, kila mtu na karatasi yake, piano ikilia chini kwa chini. Watu mia mbili wakainamisha vichwa wakasoma habari za samaki. Arzell alisikia kurasa zikigeuzwa pamoja. Alimtazama Elbert katika jeneza, uso umepakwa poda, midomo imefungwa vizuri kupita alivyowahi kuifunga akiwa hai, na upweke ukampiga pale pale, katikati ya watu wote hao, kwa nguvu ambayo hakuitegemea. Sasa nani atamjibu? Jumamosi ijayo, akimaliza mstari, nani?

"Ndugu Arzell Magee," ilisema sauti ya mchungaji.

Akasimama. Akafika mbele. Dada Ruby Spann alikuwa mlangoni, mikono imekunjwa tumboni, glovu zinang'aa.

"Elbert," alianza. "Elbert alikuwa rafiki yangu."

"Sema, ndugu," wakaitikia akina mama wa benchi la mbele.

"Miaka ishirini na sita. Nilikuwa... yeye alikuwa akipiga, mimi..." Aliliona neno kilabu likipita angani kwenye kofia za akina mama. "Alijua kusubiri," alisema.

"Ndiyo, Bwana! Wangojao watapata nguvu mpya!" aliitikia mtu, na kanisa likapiga makofi, likafikiri anamnukuu nabii Isaya. Arzell akapotea. Hakuwa amesema hivyo. Au alikuwa amesema, lakini si hivyo. Alitafuta neno la pili na halikuwepo, kimya kikawa kirefu, na katika kimya kile watu walianza kumhurumia. Hapo sauti ya Thurmond kinyozi ikatoka nyuma, ya kumsaidia kwa roho safi kabisa:

"Waambie treni, Arzell!"

Kicheko kikapita kanisani, kicheko cha upendo, cha watu waliochoka kulia. Hata Mchungaji Hollins alitabasamu. Na Arzell, Mungu amsamehe, aliona mlango uko wazi akatoka. Alisimulia treni. Alisimulia vijana wa chuo, na tiketi, na jinsi mtoto wa Essie alivyokimbia nje kuitafuta reli. Alitia chuku-chuku kwa mdomo. Watu walicheka mpaka wakapangusa machozi, na katikati ya kicheko aliona kidole kimoja cheupe mlangoni, na muda si muda vidole viwili.

"Asanteni," alisema, akakaa. Mtu alimpiga begani, akamwambia amesema vizuri sana. Karatasi yenye yale maneno matatu ilikuwa mfukoni. Jeneza likafungwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Baada ya makaburini watu walirudi ukumbi wa chini wa kanisa kula. Kuku wa kukaanga, mboga za majani zilizochemshwa na nyama ya nguruwe, mkate wa mahindi, pai za viazi vitamu zimepangwa kama watoto wa shule. Arzell aliketi mwisho wa meza ndefu, sahani mbele yake, hajaigusa. Watu walimpungia mkono kutoka mbali na kumfanyia honi ya treni.

Lavonia alikuja na birika la chai baridi. Aliijaza bilauri ya Arzell, kisha, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea siku ya kazi nyingi vile, akavuta kiti akaketi.

"Hukusema," alisema.

"Nimesema, Dada. Wamecheka."

"Nimewaona wamecheka. Ile treni hata mimi naijua. Nilidhani utasema ile nyingine." Alilitua birika mezani. "Ile ya jioni, barazani. Akipiga moja, halafu ananyamaza."

Arzell aliinua macho. "Wewe hukuitaka hata kwenye karatasi."

"Mimi ni mama wa kanisa. Siwezi kuiandika. Kwa nini unadhani jina lako lilikuwa kwenye ratiba? Mchungaji alitaka mtu wa chama cha maziko. Nilibishana naye siku mbili, nikamwambia kuna mambo ya Elbert ambayo Arzell peke yake anayajua, mwache ayaseme yeye." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimwumiza Arzell zaidi. "Nilitaka watu wayasikie mara moja tu. Mimi pia nilitaka kuyasikia, niambiwe ile ilikuwa ni nini."

"Nimeshindwa, Dada Lavonia."

"Ndiyo."

Mezani kule mbele Thurmond alikuwa anamwigiza mbweha.

"Basi," alisema Lavonia, "Elbert mwenyewe ulikuwa ukimwambia. Hilo angalau."

Arzell alifungua mdomo. Alirudi nyuma Jumamosi moja moja, miaka ishirini na sita, akitafuta. Alikumbuka alivyokuwa akimwambia "Amka mzee, wimbo umeisha," na "Hiyo harmonika umeiazima, mbona unaiogopa?" na Elbert akijibu kwamba anamngoja mwimbaji mzuri aingie. Walicheka sana. Wanaume wa pale hutaniana, hiyo ndiyo salamu na hiyo ndiyo shukrani, na hakuna anayeuliza kama mwenzake ameielewa. Hata mwaka ule wa mwisho, wakati wa ile sauti moja aliyokuwa akiifumbia macho, alipofumbua alisema, "Unazidi kuwa mvivu."

"Hapana," alisema. "Sikumwambia. Wewe?"

Lavonia alifuta kingo za birika kwa leso, polepole, pahali palipokwisha kukauka.

"Nilikuwa nazima redio," alisema. "Kila jioni akianza, naizima nyimbo zangu za injili, nakaa gizani kule ndani nasikiliza. Ukuta ule ni mbao tu. Labda alisikia ikizimwa."

Arzell aliyajua masikio ya Elbert kuliko mtu yeyote aliyemo ukumbini mle.

"Alisikia," alisema.

Lavonia alifunika uso kwa leso, na Arzell akamshika mkono, kwa sababu alichomwambia kilikuwa kweli. Yeye Arzell hakuwa na redio ya kuzima. Alikuwa na mdomo tu, na miaka ishirini na sita aliutumia kumtania.