Nabintu na Mguu wa Kushoto

Nabintu alikuwa beki wa timu ya akina mama iliyofanya mazoezi kila Jumapili baada ya ibada, kwenye kiwanja cha vumbi karibu na soko la Nakawa. Siku nyingine aliuza vitenge humo sokoni. Alikuja kutoka Bukavu akiwa msichana wa miaka ishirini. Sasa alikuwa na thelathini na mmoja, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti uwanjani.

Beki mwenzake, Adoch, alikuwa na mbio za swala, na Nabintu alitamani kuwa kama yeye. Kila mpira aliukimbilia, akaachwa, bao likaingia. Siku walipofungwa manne na timu ya Kabalagala, alimfuata kocha wao, Vera Nasike, Mkenya aliyekuwa karani kiwandani.

"Kocha, tafuta mwingine. Miye sina mbio."

"Hilo nalijua," Vera akasema. "Niambie una nini."

Nabintu akainama kufungua kamba za viatu.

"Basi kajichunguze. Jumapili uniletee unaloliweza na usiloliweza. Ya Adoch usiniletee."

Alhamisi, wanawake watatu walipita mbele ya meza ya vitenge ya Nabintu. Kabla hawajafungua kinywa, alishamnyooshea wa mwisho kitenge cha kijani, naye akakinunua.

"Ulijuaje?" akauliza Blandine, jirani yake wa meza.

"Alipunguza hatua alipokiona."

Neno hilo likamkaa moyoni mchana kutwa. Kumbe miaka yote amekuwa akisoma miguu ya watu!

Jumapili alisimama mbele ya wenzake. "Naona mtu anakotaka kwenda kabla hajaenda. Lakini mguu wangu wa kushoto haufai kitu. Mpira ukija upande huo, naogopa."

Alidhani watamcheka. Adoch akamtazama. "Si ungesema zamani, dada? Kushoto niachie mimi. Mimi nina mbio tu; kuusoma mchezo siwezi."

Katika mechi ya marudiano, mshambuliaji wa Kabalagala alipopokea mpira, Nabintu hakukurupuka. Alirudi hatua mbili, akamtazama nyonga, akasimama pale mpira ungepita. Pasi ikamfikia mguuni kana kwamba ametumiwa yeye. Ikawa hivyo mara ya pili, na ya tatu. Baadaye Kabalagala wakapenya kushoto, wakafunga kabla Adoch hajafika.

Zamani angetamani ardhi immeze. Sasa alipiga makofi. "Adoch! Nikikuita, uje mapema!"

Wenzake wakageuka kumtazama, kisha wakarudi kwenye nafasi zao. Dakika za mwisho walisawazisha, ikawa bao moja kwa moja.

Msimu ule walimaliza wa tano kati ya timu nane. Nabintu hakukosa mechi hata moja, na kila alipojiunga mchezaji mpya, Vera alimkabidhi kwa Nabintu wiki ya kwanza.