Mwaka Tuliporekodi Ghalani

Jumamosi iliyopita nilikwenda ukumbini mjini Dodoma kuisikiliza bendi ya tarumbeta ya Kibaigwa ikizindua rekodi yake mpya. Nilikaa viti vya nyuma kama mgeni yeyote. Hakuna aliyenijua, na sikujitambulisha. Wapigaji wote sasa ni vijana, mashati meupe yamenyooshwa, kila mmoja na karatasi yake mbele, na kiongozi wao ni binti ambaye ningeweza kumzaa. Walipiga vizuri. Binti yule akasema kwenye kipaza sauti kwamba msimu huu wanaanzia hapa, kisha Mpwapwa, kisha Kondoa, halafu watarudi nyumbani kabla ya mvua. Akasema rekodi ina nyimbo tisa, na ule wa tisa ni wa wazee wao, wameutoa kwenye kaseti ya zamani.

Wazee wao. Katika wazee hao, rafiki yangu, mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Nakaa Nzuguni siku hizi na kazi yangu ni ya ofisini. Nikiondoka mapema narudi jioni, nikichelewa narudi jioni vilevile. Kibaigwa napita tu nikiwa safarini, dirisha limefungwa kwa ajili ya vumbi. Lakini nilikulia pale, kwa bibi mzaa mama, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya soko la mahindi. Ulikuwa huwezi kusema uko mbali na soko. Msimu wa mavuno ukifika, malori yalisimama hadi mlangoni kwetu, makuli wakapita na magunia mgongoni wakiimba kwa pumzi fupi, na madalali wakabishana chini ya dirisha tulipolala. Kazi yetu mimi na bibi ilikuwa kufagia mahindi yaliyomwagika, kuyapepeta mpaka mchanga utoke, na kuyaanika juu ya turubai. Vumbi liliingia kwenye chumvi, kwenye maji, kwenye nywele. Mwezi wa sita ulikuwa na upepo wa baridi unaochana midomo, na jioni tulikula ugali wa uwele kwa mlenda wa karanga tukiwa tumeinamia jiko zaidi kwa ajili ya moto kuliko kwa ajili ya chakula.

Jirani yetu alikuwa fundi baiskeli. Banda lake la mabati lilitazamana na mlango wetu, na ndani yake, juu ya msumari, palining'inia tarumbeta. Yeye ndiye aliyepiga sauti ya kwanza kwenye bendi. Ukimuuliza alijifunzia wapi, siku moja alikwambia jeshini, siku nyingine kwa padri mmoja mzungu, na siku ya tatu alikwambia acha maswali shika spana. Bibi alikuwa akinituma nimpelekee uji saa kumi, na siku moja akanipa kile kipande cha mdomoni peke yake, bila tarumbeta, nijaribu.

"Usipulize," akaniambia. "Tema. Kama vile una ganda la mtama kwenye ulimi."

Nilitema maganda ya mtama yasiyokuwepo kwa mwezi mzima. Bibi hakupenda. Alisema hajawahi kuona msichana anajivimbisha mashavu kama chura na bado akapata wa kumwoa. Lakini hakunikataza, na saa kumi ikifika alikuwa yeye mwenyewe anasema uji umepoa, mpelekee fundi. Mwishowe fundi akaniingiza kwenye bendi, nikapiga sauti ya pili.

Aliyeongoza bendi alikuwa mwalimu wa shule yetu, mwembamba, mkali, mwenye koti moja. Alituandikia do-re-mi ubaoni na tulizifuta sisi wenyewe baada ya mazoezi, ili kesho yake darasa la tatu wakute ubao wa hesabu. Bendi haikuwa ya kanisa wala ya serikali. Ilikuwa ya mji. Tulipiga Krismasi, tulipiga Idi, tulipiga harusini na kiongozi akija. Lakini msimu hasa ulikuwa baada ya mavuno, watu wanapokuwa na nafasi. Kila Jumapili mchana tulipanda juu ya magunia kwenye lori lolote lililokuwa linakwenda huko, tukapiga Kongwa, Gairo, popote walipotuita, na tukarudi jua likizama. Siku moja kabla ya kila safari tulisugua vyombo kwa majivu na limau mpaka vidole vikawasha.

Mwaka ninaoukumbuka mimi, msimu ulianza vibaya. Fundi alikuwa anafungua springi ya stendi ya baiskeli ikamponyoka ikampiga mdomoni. Jino la mbele likatoka pale pale. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha uji. Aliliokota, akalitazama, akalitia kwenye mfuko wa shati kama mtu anayeweka nati ndogo asije akaipoteza.

Kama hujawahi kupiga tarumbeta huenda usione shida iko wapi. Mdomo wa juu unaegemea meno. Palipo na pengo, mdomo unaingia ndani na pumzi inakimbia. Fundi alijaribu wiki nzima, na tulisikia banda lake likitoa sauti ya birika linalochemka. Kisha akatafuta nta ya nyuki, akaifinyanga ikawa jino. Lilikuwa jino zuri kweli, rangi ya njano kidogo tu. Alifanya mazoezi nalo, sauti ikarudi, na mwalimu akamwacha kwenye nafasi yake.

Jumapili hiyo tulikwenda Kongwa. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao sauti ya kwanza inabaki peke yake katikati, wengine wote wamenyamaza, halafu inavuta pumzi na kupanda. Ndio wimbo watu waliousubiri. Fundi akasimama, akaanza, na jua la saa tisa lilikuwa limeshaifanya nta iwe laini. Jino likaingia kwenye tarumbeta. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mbuzi. Watu wakacheka, si kwa ubaya, walicheka tu kama mtu yeyote angecheka. Yeye akakaa chini, akafuta mdomo kwa leso, na bendi ikamaliza wimbo bila yeye. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyemtazama, nami nikaangalia magunia.

Siku chache baadaye habari zikaja kwamba kuna bwana kutoka mjini mwenye mashine ya kurekodi, atakuja kuturekodi. Bendi yetu haikuwahi kurekodiwa. Jioni ile mwalimu alikuja kwetu. Tulikuwa tunapepeta. Hakukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kigoda."

"Asante, sikai. Nimekuja kwa ajili ya binti. Ule wimbo, sauti ya kwanza atapiga yeye."

Bibi aliendelea kutikisa ungo. "Na mwenyewe?"

"Mwenyewe hana jino, mama."

"Umeshamwambia?"

"Nitamwambia."

"Mwambie kwanza," bibi akasema, "ndipo uje kwangu."

Mwalimu akavuka njia. Sikusikia walichozungumza. Baiskeli ilikuwa imepinduliwa miguu juu na fundi alikuwa amelizungusha gurudumu. Wakasimama upande huu na upande ule wa gurudumu, mwalimu akisema, mpaka likapunguza mwendo na kusimama. Kisha mwalimu akaondoka bila kurudi kwetu.

Asubuhi fundi mwenyewe aliniletea tarumbeta yake, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nzima kuliko zote. "Kitufe cha katikati kinakwama," akasema. "Tia mafuta ya cherehani, usitie ya kupikia." Basi. Akarudi bandani.

Nikikuambia nilihuzunika nitakuwa nakudanganya. Nilifurahi. Nilijua kwamba sikupaswa kufurahi, nikala ugali wangu taratibu ili bibi asione, lakini usiku nililala nikiwa nimeikumbatia ile tarumbeta, chuma cha baridi tumboni.

Bwana wa mashine alitembea mji mzima akipiga makofi na kusikiliza, mwishoni akachagua ghala la mahindi. Alisema magunia yanameza mwangwi. Tukapangwa katikati ya kuta za magunia, vumbi la pumba likituwasha kooni, na mwalimu akawa anagawa kazi. Fundi alikuwa amekuja amevaa shati la bendi. Mwalimu akaliangalia lile shati, akamwambia asimame nje ya mlango awazuie watu wa malori wasipige kelele. Fundi akasema sawa.

Tulikosea mara ya kwanza, kwa sababu ya mpiga ngoma. Tulikosea mara ya pili, kwa sababu yangu. Bwana wa mashine akasema mkanda uliobaki unatosha mara moja tu, tukianza hakuna kusimama. Tukaanza. Wenzangu wakanyamaza, nikabaki peke yangu, nikamaliza kipande cha kwanza, nikaondoa tarumbeta mdomoni nivute pumzi ya kupandia. Hapo hapo, nje, lori likaunguruma, na sauti ya fundi ikapita kwenye mabati kama iko mle ndani:

"Zima gari, bwana! Watoto wanapiga humu!"

Lori likazimwa. Nikapanda.

Kaseti ilipofika, mwenye mgahawa wa stendi aliipiga asubuhi hadi jioni. Mji mzima ukaijua ile sentensi kuliko wimbo wenyewe. Makuli waliwapigia madereva kelele, zima gari bwana, watoto wanapiga humu, wakaangua kicheko. Mtoto akilia kanisani, mtu wa nyuma aliinong'ona. Nilidhani fundi naye anacheka. Hakurudi tena kwenye bendi. Alisema mikono imejaa kazi, na kweli baiskeli zilikuwa nyingi msimu ule. Mimi nikaendelea mpaka nilipochaguliwa kwenda sekondari. Nikiwa huko, wakati wa mitihani, nikaletewa habari kwamba amefariki. Sikwenda mazikoni. Miaka michache baadaye bibi naye akaondoka.

Jumapili, siku moja baada ya ule uzinduzi, niliukaanga mchicha wangu na kuuweka ule wimbo wa tisa kwenye simu. Ulikuwa sisi kweli. Nilisikia ngoma ikitangulia kidogo kama ilivyokuwa kawaida yake. Nikajisikia mimi, mwembamba, mwenye haraka. Nikasubiri pale pa pumzi. Hapakuwa na kitu. Kimya safi, kisha nikapanda. Nikarudia nikidhani ni kelele za kikaango zilizomfunika fundi.

Namba ya studio ilikuwa imeandikwa kwenye tangazo. Kijana aliyepokea alikuwa mpole.

"Kweli dada, kulikuwa na mtu anaongea. Tumemtoa. Tumetoa na gari. Ilituchukua siku mbili kusafisha."

"Kaseti yenyewe mnayo?"

"Ilikatika tukiipitisha mara ya pili. Lakini wimbo tulikuwa tumeshaupata, usiwe na wasiwasi."

Nikamshukuru. Angefanya nini kingine? Yeye alisikia kelele.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikaenda Kibaigwa. Ghala halipo, pamejengwa nyumba ya wageni ya ghorofa moja yenye vigae vya bluu. Nyumba ya bibi ni stoo ya mbolea. Banda la fundi sasa linauza vipuri vya bodaboda, na muuzaji hakujua kwamba palikuwa na baiskeli. Mahindi yapo, mengi kuliko zamani, lakini sikumwona mtu akifagia yaliyomwagika.

Mke wa fundi anaishi kwa binti yake, nyuma ya stendi. Amezeeka, macho yamefifia, masikio mazima. Nilimpa shikamoo, akaipokea, akaniuliza mimi ni wa nani, nikamtajia bibi. Akanishika mkono asiuachie. Nikamweleza habari ya rekodi na kwamba sauti ya marehemu wameiondoa. Nilikuwa nimejiandaa kumfariji.

"Hebu nisikie," akasema.

Akaishika simu karibu na sikio mpaka mwisho.

"Anayepuliza ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Ulikuwa unajua kupuliza." Akanirudishia simu. "Na hiyo sauti waache waitoe. Mwenyewe alikuwa anaichukia. Wakiweka ile kaseti pale mgahawani, anaacha chai mezani anakuja kunywa nyumbani. Alisema, miaka yote nimepiga, wamekuja kunirekodi nikifukuza magari."

Nikaitia simu mkobani.

"Na wewe alikununia mwaka mzima. Hukujua?"

"Sikujua, mama. Alikuwa ananisalimia vizuri."

"Kukusalimia alikusalimia, wewe mtoto ulikuwa na kosa gani? Lakini ukianza mazoezi jioni kwa bibi yako, yeye kwenye kiti chake anasema, hapo amekosea. Hapo tena. Hata pale ambapo hujakosea."

"Na baadaye?"

Alifikiri. "Baadaye akaacha kusema. Akawa anasikiliza tu."

Binti yake alileta chai na viazi vitamu, tukala, tukazungumza habari za mvua na za bei ya mahindi. Nilipoaga alinipa viazi vingine kwenye mfuko, kama ambavyo wanawake wa mji ule walifanya siku zote.

Njiani nilijaribu kumwona fundi akiwa amenuna. Nilishindwa. Fundi niliyenaye mimi ni yule wa mlangoni na tarumbeta mkononi, anayeniambia nitie mafuta gani. Yule mwingine, aliyekaa kwenye kiti jioni akinitafutia makosa, alikuwa wa mkewe peke yake, mpaka juzi mama yule aliponigawia kidogo. Hakuwa kwenye kaseti hata ilipokuwa nzima.