Nilivyosafisha vyombo vya marehemu fundi Petero kule Gisenyi, na kitu nilichofuta bila kujua

Wakuu, habari zenu. Wa umri wangu humu nadhani hayupo, kwa hiyo marahaba kwa wote.

Anayeandika ni mjukuu wangu. Mimi nasema, yeye anabonyeza. Nimemwambia asitie chumvi, na akitia nitajua, maana lazima anisomee kabla hajapost.

Jana alinionyesha uzi wa kijana mmoja anayetafuta randa na patasi za kale, anazisafisha mpaka zinang'aa. Mmempa like nyingi. Kazi nzuri, siibezi hata kidogo. Ila mimi chai ilinishinda, nikaiacha ikapoa.

Nitawaambia kwa nini. Haya ni ya kweli na yalinipata mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla sijahamia huku Tanzania. Nilikuwa Gisenyi, kule Rwanda, seremala kijana, nimeoa juzi tu. Mali yangu yote ilikuwa msumeno mmoja wenye meno pungufu.

Pale kando ya ziwa Mzungu mmoja alikuwa anajengesha nyumba. Mafundi aliwachukua, lakini kila mtu aje na vyombo vyake. Fundi asiye na vyombo alibebeshwa mawe.

Basi mimi nilibeba mawe. Yale meusi ya volkano, yanayokula ngozi ya bega. Na mke wangu tayari alikuwa mjamzito.

Jirani yetu alikuwa Mama Veronika, mjane wa fundi Petero. Petero alijifunza useremala zamani sana kwa Wajerumani, na walipoondoka alibaki na sanduku la vyombo vyao. Alikufa kwa kifua mimi nikiwa bado sijaoa.

Kwetu vyombo vya fundi aliyekufa haviuzwi. Vinangoja mpaka apatikane fundi mwingine wa kuvifanyia kazi, ndipo familia inampa.

Mama Veronika aliniona napita na mabega yenye vidonda. Siku moja akaniita. Kwao ni upande wa Goma, kwa hiyo tuliongea Kiswahili cha kule.

"Mwanangu, vyombo vya Petero iko pale juu ya jiko. Shusha."

Nikapanda darini. Wakuu, mlango wa neema huo! Randa tatu, ndefu, ya kati na fupi. Patasi sita. Keke ya kutobolea, tezo ya kuchongea, tupa, na rula ya mbao ngumu inayonifika kifuani. Moshi ulikuwa umezuia wadudu, lakini chuma chote kilikuwa kimeliwa na kutu.

Akaniambia, "Tengeneza muzuri, Petero asisikie haya huko alipo. Ukimaliza niletee kwanza, nishike mara moja. Kisha ni vyako."

Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Kushika ndiko kulikuwa kuona kwake. Hilo nililijua, naomba mlikumbuke.

Kazi ilinichukua wiki tatu. Nikitoka kwenye mawe, nakaa uani kwangu. Chuma nilikisugua kwa mchanga wa ziwani na majivu, penye kutu sugu nikaweka ndimu. Nikanoa kwenye jiwe laini mpaka patasi ikawa inanyoa vinyweleo vya mkono. Mbao nilizinywesha mawese, zikarudi rangi yake nyekundu.

Nilijisikia fundi kweli kweli. Majirani walikuja kutazama, nami nikazidi kuvimba kichwa.

Mwisho kabisa ikabaki rula.

Wasio mafundi niwaeleze. Rula ya seremala kazi yake ni kunyooka. Unaisimamisha juu ya ubao ulionyooka, unachungulia upande wa mlangoni penye mwanga. Mwanga ukipita katikati, hiyo si rula tena.

Niliichungulia. Ilikuwa imenyooka vizuri, ila ukingoni mwanga ulipita mahali panne. Palikuwa na mapengo manne madogo, yamekatwa kwa patasi, kila moja mbali na mwenzake.

Sitawadanganya. Niliona kabisa kwamba yamekatwa kwa mkono. Hayakuwa meno ya panya wala rula kuanguka. Nikasema moyoni, hii ni kazi ya mwanafunzi wa Petero, kaharibu rula ya watu.

Hata sikuuliza. Na yule mama nyumba yake ilikuwa hatua ishirini tu kutoka kwangu.

Nikashika randa ndefu, ileile niliyotoka kuinoa, nikapiga ukingo mpaka mapengo yakaisha. Maranda yalitoka marefu, mazuri. Mke wangu akayakusanya, akawashia moto wa maharage.

Kesho yake Jumapili, nikampelekea sanduku zima. Aliketi kizingitini. Alishika kimoja kimoja, akapapasa randa, akanusa mawese, akacheka. "Ee, Petero angefurahi."

Kisha akaichukua rula. Akapitisha kidole gumba ukingoni, toka chini mpaka juu. Akarudi chini. Akaigeuza upande wa pili, akapitisha tena.

Akaacha kucheka.

"Iko wapi?"

"Nini, mama?"

"Batoto bangu. Batoto bangu iko wapi?"

Nikafikiri ameanza kuchanganyikiwa. Ndipo akanieleza, polepole, huku kidole bado kinatafuta.

Alizaa wanne na Petero, na wote wanne walikufa, watatu katika miaka ya njaa. Kila mmoja alipokufa, Petero alimlaza, akamwekea rula ubavuni ili apate kipimo cha jeneza. Na pale kichwa kilipofikia, alikata pengo.

Hawakuwa na picha. Makaburi yalikuwa yameota magugu, hata misalaba ilishaoza.

Nilikimbia nyumbani nikafukua jiko kwa mikono. Ilikuwa majivu matupu, nami nilijua hivyo kabla sijafika.

Nikarudi, nikapiga magoti. Nikamwambia nitayakata upya, anionyeshe tu ni wapi.

Akasimama, akaisimamisha rula ubavuni mwake. Akaweka mkono juu kidogo ya kiuno. "Mukubwa alinifika hapa." Nikakata. Akashuka kidogo. "Huyu hapa." Nikakata. Akashuka karibu na goti. "Na huyu alikuwa ameanza kusimama." Nikakata.

Nikangoja wa nne.

Mkono wake ulishuka ukakaa hewani.

"Huyo sikumuona," akasema. "Nilizaa na homa, sikujua mutu. Nilipoamka, Petero alikuwa ameisha kumuzika. Mi nilimujua kwa alama tu."

Mimi na patasi yangu kali, sina pa kuiweka.

Vyombo alinipa, nilipotaka kuviacha alikataa. "Vyombo haikukosa," alisema. Nikaacha mawe, nikawa fundi, nimelisha watoto saba kwa randa zile. Rula pia alinipa, alisema haina tena cha kumwambia. Sikuwahi kupimia kitu kwa rula ile. Mpaka leo iko nyuma ya mlango wangu, ina mapengo matatu.

Kijana wa ule uzi, sikukatazi. Kutu ondoa, ni adui. Lakini ukikuta mkwaruzo au pengo usilolielewa kwenye chombo cha mtu, weka randa chini. Usijifanye unajua kwa sababu unajua kunoa.

Mjukuu wangu ameacha kuandika mara mbili hapa, ananiuliza kama huyo wa nne alikuwa wa kike au wa kiume. Sijui. Hata hilo sikuuliza.

Nanyi mlioshika vitu vya marehemu mkavisafisha, semeni hapa chini mlifuta nini, atanisomea yote. Na kama mwenye kujua bado yuko hai, komenti itangoja, nenda kamuulize kwanza.