Mrashi Niliosema Umepasuka

Chupa ya kioo ya zamani mimi huijua kwa kitako, si kwa uzuri wake. Wengi hutazama rangi na maua ya dhahabu ubavuni, wakatoa walicho nacho, wakaenda zao wamefurahi. Mimi huipindua kwanza. Chini pakiwa na kovu, kiduara kinachokwaruza kidole, najua ilipulizwa kwa pumzi ya mtu na kuvunjwa kutoka kwenye fimbo ya chuma ya mpulizaji. Pakiwa laini, na ubavuni pana mshono uliopanda mpaka mdomoni, basi hiyo imemiminwa kwenye kalibu na wenzake wamejaa madukani. Halafu huiinua juani nitafute mapovu ndani ya kioo. Shingo iliyopinda kidogo hainiudhi, tena naipenda zaidi. Mwisho huipiga kwa ukucha. Chupa nzima husema, na sauti yake hukawia sikioni. Yenye ufa, hata ufa usioonekana kwa jicho, hulia kigae na kunyamaza.

Haya yote nilimfundisha mdogo wangu mimi mwenyewe. Laiti nisingalimfundisha hilo la ukucha.

Tulizaliwa kisiwani Chula, na kwa mama yetu tukabaki wawili. Mama alipofariki, mdogo wangu alikuwa hajaota meno ya pili. Nilimlisha, nikamsuka, nikamfundisha kuswali, na nilimchapa pia, maana mimi ni mtu wa hasira na sikujua kujifanya mwingine mbele ya mtoto. Nilipoposwa na fundi wa kuunda mashua wa papo hapo kijijini, nilimpelekea habari mapema kwamba ananioa mimi pamoja na mdogo wangu. Akakubali, masikini ya Mungu, sidhani kama alijua anakubali nini.

Mapenzi yangu ya chupa yalianza na kichupa kimoja cha mama, cha halud, mafuta ya manukato, si kirefu kuliko kidole gumba. Baada ya hapo sikujizuia. Nikialikwa harusi kisiwa cha Ngumi au msiba cha Fuma, nilikwenda na wanawake wenzangu mashuani, nikatoa mkono wa heri au wa pole, kisha nikapotelea jikoni kwa watu. Huko ndiko zilikokuwa. Mababu waliosafiri Bara Arabu na Bara Hindi waliwaletea wake zao marashi katika vioo vya kila rangi. Wake wakafa, harufu ikaisha, na chupa zikashushwa kutoka ukutani zikatiwa pilipili manga, dawa ya tumbo, mafuta ya taa. Nilitoa mkeka niliousuka, au pweza mkavu, nikarudi nyumbani na chupa chafu kifuani. Watu walinicheka. Mume wangu aliniambia wenzake wanaoa wanawake wanaopenda marashi, yeye kaoa anayependa maganda yake.

Mrashi niliupata Ngumi, kwa mzee aliyeacha kuunda mashua kwa sababu macho yalipungua. Ulikuwa umesimama pembeni mwa kibanda chake, umejaa sifa, yaani mafuta ya papa ya kupaka mbao za mashua. Aliyewahi kunusa sifa hahitaji kuelezwa. Kioo hakikuonekana kwa weusi, lakini niliiona ile shingo ndefu nyembamba ya chombo cha kurashia wageni, nikapiga magoti mchangani nikaupindua. Kovu lilikuwapo. Mzee alichukua mikeka miwili akacheka mpaka akakohoa.

Tuliusafisha mwezi mzima, mimi na mdogo wangu. Jivu, maji ya ndimu, punje za mchele mbichi ndani, kisha kutikisa, kumwaga, kuanza tena. Mume wangu alihamia uani kula. Mdogo wangu alijifunga leso puani akatikisa kwa zamu yake na kwa zamu yangu pia, kwa sababu mikono yangu huchoka upesi. Ni yeye aliyekuwa akitikisa pale buluu ilipojitokeza, buluu nzito, na juu yake nyuzi za dhahabu zilizofifia mahali ambapo vidole vya watu viliushika miaka na miaka. Alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Nasema hili wazi: nusu ya kazi ile ilikuwa yake, na labda zaidi ya nusu. Lakini uliposimama katika kidaka cha kati ukutani, nilianza kuuita mrashi wangu.

Desturi ya kwetu ilikuwa hivi. Binti akiolewa, wanawake wa upande wake huwarashia wageni wa mume marashi ya mawaridi kabla ya kukaa. Mrashi mzuri kijijini si wa mtu mmoja. Ukiombwa kwa harusi, unautoa, na mtu haulizi utarudi vipi. Nilijua hivyo. Niliutoa mara mbili kwa harusi za Chula, na mara zote mbili sikula wala sikusikia ngoma, nilikaa nikiufuata kwa macho kutoka mkono hadi mkono. Mara ya pili mwanamke mmoja aliugonga kwenye sinia. Haukudhurika, lakini nilimtukana mbele ya watu, na nilipofika nyumbani nikaapa kwamba hautoki tena.

Mwaka uliofuata mdogo wangu akaposwa Kismayo. Watu wa mume walikuwa jamaa zetu wa mbali waliohamia mjini, wenye duka na jahazi lao. Walitaka harusi iwe kwao, nasi tuje na binti wetu kwa bahari. Wote tulijua maana yake. Watu wa mjini wangetutazama kuanzia viatu mpaka vitambaa vya vichwa, na kile ambacho mdogo wangu angekwenda nacho ndicho kingesema yeye ni nani katika nyumba ile. Dhahabu hatukuwa nayo. Tulikuwa na mrashi.

Alikuja asubuhi, nasuka ukili mlangoni.

"Dada, nataka mrashi. Chutakwenda nao Kismayo."

Niliiona njia yote kwa mara moja: mawimbi, mizigo, wanawake wageni mia wanaogombea kurashiwa. Nikasema bila kuinua uso, "Umepasuka."

"Lini?"

"Juzi. Uliniponyoka nikiupangusa."

Aliingia ndani, na mimi nikasikia nyayo zake zikifika ukutani. Kisha nikausikia ukucha. Mara moja tu, taratibu. Mrashi ukasema, na sauti ile nzuri ikajaa chumba chote ikanifikia hapo mlangoni. Ilikawia, Mungu wangu, ilikawia kuisha.

Nilingoja. Nilitaka anipigie kelele, nami nimpigie, tugombane kama tulivyozoea, na mwisho wa ugomvi nimpe. Naamini ningempa. Alitoka akasimama karibu yangu.

"Basi, dada," akasema. "Umepasuka."

Akaenda kuteka maji.

Kulikuwa na siku tisa kabla ya safari. Kila siku niliamka nikiwa na maneno mdomoni, na kila siku niliona haya. Kumpa mrashi sasa kulikuwa ni kukiri, na mimi kukiri sikukuzoea. Nilijiambia kwamba watu wa Kismayo wana mirashi yao. Hawakuwa nayo, au waliona si kazi yao kuitoa. Siku ya harusi shangazi zetu walihangaika, na mwishowe marashi yakatiwa ndani ya birika la shaba la kutawadhia. Niliwaona wanawake wa mjini wakitazamana. Mmoja aliuliza kwa sauti kama anatakiwa kusimama kuswali. Kicheko kikazunguka chumba kizima, na mdogo wangu ameketi katikati yake, amefunikwa, mikono yenye hina juu ya magoti. Vidole vyake havikutikisika.

Nilirudi Chula bila yeye. Miaka minne ikapita. Jahazi la mumewe likishuka upande wetu, alinipelekea sukari, na tende, na kila mara chupa. Alikuwa akinitafutia chupa. Nyingine zilikuwa nzuri kweli, kijani yenye mapovu, nyeupe yenye kizibo kilichosagwa kikaingia shingoni barabara. Mara moja alileta mpya yenye mshono, nadhani aliinunua upesi jahazi lisije likamwacha. Niliicheka nikaitia mafuta ya taa. Sikumpelekea salamu yoyote iliyozidi salamu. Nilikuwa nangoja aje, nimwambie uso kwa uso. Hakuja, alikuwa na nyumba na mimba zisizokaa, na mimi sikwenda.

Kisha jahazi likaleta habari kwamba ana homa, na kwamba anauliza kama mimi ni mzima. Sikungoja kuambiwa mara mbili. Niliushusha mrashi, nikaujaza marashi ya mawaridi, nikaziba mdomo kwa nta, nikaufunga ndani ya leso mbili. Usiku na mchana wa safari ile niliukumbatia tumboni. Nilitapika upande mmoja wa chombo huku nimeushikilia kwa mkono mwingine. Maneno niliyapanga yote. Nitamwekea kitandani. Nitasema: huu ni wako, na nilikudanganya, na wewe ulijua. Hata kama atanifukuza, auweke pale alipo.

Tuliposhuka Kismayo, niliijua nyumba kwa mikeka iliyotandikwa nje na wanaume waliokaa kimya juu yake.

Mama mkwe wake alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. "Ndoo, mwanangu. Ndoo ukae. Chwamzika jana alasiri."

Sikumbuki nilivyofika ndani. Nakumbuka kwamba nilikaa katikati ya wanawake, mgongo ukutani, furushi mapajani, na kwamba kisomo kilikuwa kinaendelea. Sikulia. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi mno, na wa kuyapokea hayupo. Baada ya dua wakaanza kurashiana marashi. Mama mkwe alizunguka na bakuli la kauri, akichovya vidole na kuwanyunyizia wanawake kichwani mmoja mmoja. Aliponifikia alijikunja chini akaketi mbele yangu.

"Usichucheke, mwanangu, kwa bakuli hili," akasema. "Nyumba hini haina mrashi. Si kwamba hachukutaka. Mume alitaka kumnunulia, wa fedha, mara mbili. Mdogo wako akakataa. Akasema mrashi wa kwechu ni mmoya, wa dada yangu, na ule ulipasuka."

Akaegemeza bakuli gotini, akaendelea.

"Wanawake wechu walimcheka kwa lile birika, Mungu achusamehe. Yeye akangoja mpaka siku ya saba, chuko sochi hapa, akawaambia: dada yangu alinitunzia mrashi wa buluu na dhahabu, hakuna mchu Kismayo aliyewahi kuona mfano wake, na siku alipouchukua kunipa ukamponyoka. Akasema wewe ulilia siku chachu, hukula kichu. Akasema hakuweza kusikia mchu akilicheka birika lile, kwa kuwa ni wewe ndiye angekuwa anachekwa. Wachu wakaona haya. Chokea siku hiyo wakampenda."

Mwanamke aliyekuwa kando yangu, sijui ni nani, alinishika bega. "Pole kwa mrashi wako, dada. Alikuwa akiutaja kila mara."

Ulikuwa mapajani mwangu. Niliusikia ubaridi wake kupitia leso, mzima, umejaa marashi niliyomletea. Ningefungua mafundo mawili tu, wote wangeuona. Na mdogo wangu, ambaye hajamaliza siku mbili kaburini, angekuwa mwongo mbele ya watu walewale aliowashinda kwa uongo huo. Uongo wenyewe haukuwa hata wake. Aliupokea kwangu ukiwa mbaya, akaurembesha kwa machozi ambayo sikuyatoa, akanivisha heshima nisiyostahili, akaishi nayo miaka minne bila kumwambia mtu. Nilitaka kupasua kichwa changu ukutani. Nilitaka anifufukie saa moja tu, anitukane.

Mama mkwe bado alikuwa amenikabili, anangoja niseme neno, macho yake mekundu.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ulipasuka."

Akaitikia kwa kichwa, akachovya vidole bakulini akaninyunyizia. Bakuli likainama mkononi mwake, na marashi mengi yakamwagika mkekani.